Fedha Juu ya Kichwa cha Mtu



Miongoni mwa katuni za Kijapani zilizopendwa na vijana ulimwenguni ni Cowboy Bebop, iliyoongozwa na Shinichirō Watanabe na kuonyeshwa kwanza mwaka 1998. Visa vyake 26 vyahusu mwaka 2071. Wanadamu wametapakaa katika sayari, askari hawatoshi, basi hutangazwa fedha kwa yeyote atakayemkamata mhalifu. Spike, Jet na wenzao huishi kwa kazi hiyo, wakizunguka angani mithili ya wapanda farasi wenye bastola wa visa vya Kimarekani.

Mzazi aonaye bastola na sigara aweza kukataza upesi. Yafaa kwanza aulize: je, wawindaji hawa hutajirika? La. Katika kisa cha kwanza wanapika pilipili hoho na nyama, na nyama yenyewe haimo. Mara nyingi windo huwaponyoka, au fedha huishia katika kulipia waliyoyavunja.

Kwa watu wa Ngara na jirani zao wa Biharamulo, jambo hili si ngano tupu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, wakapiga kambi Benaco. Wengi walikuwa watu wasio na hatia, lakini wauaji walijificha kati yao. Mmoja alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa kiongozi wa Murambi. Ilipotakiwa aondolewe kambini mwezi wa Juni, umati ulikusanyika kumtetea na kuwatisha watumishi wa misaada.

Baadaye, mwaka 2002, Marekani ilitangaza hadi dola milioni 5 kwa habari za kuwakamatisha watoro wa mauaji yale, na picha ya tajiri Félicien Kabuga ikatolewa katika magazeti ya Kenya. Januari 2003, William Munuhe, mwandishi wa habari aliyekuwa katika mpango wa kumnasa, alikutwa amekufa nyumbani kwake Nairobi. Kabuga hakukamatwa ila tarehe 16 Mei 2020, karibu na Paris, baada ya wapelelezi kufuatilia simu na nyendo za jamaa zake. Mwaka 2023 majaji wakaona akili yake haiwezi tena kuhimili kesi.

Ama Gatete, alikamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002, akahukumiwa Arusha mwaka 2011 kifungo cha maisha, kikapunguzwa mwaka 2012 kuwa miaka 40. Kilichomtia hatiani si fedha wala bastola, bali mashahidi waliosimama mbele ya mahakama wakasema waliyoyaona.

Enyi vijana, hapa ndipo pa kuzingatia. Fedha yaweza kumfungua mtu mdomo, lakini pia yaweza kumfundisha kusingizia asiye na kosa. Ushahidi ni amana. Hauuzwi wala haufichwi, hata ukimhusu jamaa yako.

Basi wazazi, televisheni ikizimwa, waulizeni watoto swali hili: lau muuaji angejificha katika mtaa wetu, wala pasingekuwa na senti moja ya kulipwa, je, ungesema?