Fedha za Novemba

Makala tatu kati ya zilizomo katika toleo hili zinaanza na kauli ileile: fedha za kujenga upya sekondari za Rukwa hazitoshi. Nimeziacha zianze hivyo kwa sababu waandishi wake wanaijua kazi yao, lakini kauli yenyewe imenichosha. Tumeisikia kwenye mabaraza ya madiwani, kwenye vikao vya ushauri vya wilaya na vya mkoa, kwenye harambee, na kila inapotamkwa mjadala unaishia hapo. Nani atabisha? Fedha za shule hazijawahi kutosha. Swali ninalotaka toleo hili liliulize ni lingine: zile zinazokuja, zinaingia mwezi gani?

Kwa sisi wa Ufipa hilo ndilo swali la kwanza. Chukua mwaka 2021. Tarehe 10 Oktoba mpango wa UVIKO-19 ulizinduliwa Dodoma, mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, kila moja Sh milioni 20, yote yawe tayari kwa kidato cha kwanza cha Januari 2022. Mwaka uliofuata yakaja madarasa mengine 8,000 kwa Sh bilioni 160, nayo yakajengwa robo ya mwisho ya mwaka kwa mbio zilezile. Sina neno baya juu ya nia. Watoto ambao miaka ya nyuma wangesubiri nyumbani hadi nafasi ipatikane waliingia darasani siku ya kwanza, na hilo si jambo dogo. Lakini Novemba ndiyo mwezi mvua inaposhika uwanda wote wa juu, kutoka Laela hadi Namanyere, na haiachii mpaka Aprili. Tulipewa kujenga kwa kasi katika msimu ambao babu zetu hawakuthubutu hata kusimamisha ghala.

Matokeo yanaonekana kwa macho. Nimesimama katika darasa la namna hiyo upande wa bonde, na jina la shule halina haja hapa kwa kuwa ziko nyingi. Ukipitisha unyayo, sakafu inaacha vumbi jeupe. Kwenye kona ya dirisha ufa umepanda mpaka chini ya lenta. Mlango ulitengenezwa kwa mbao mbichi, ukakauka, ukapinda, na sasa haurudi kwenye fremu yake, kwa hiyo umeegemezwa ukutani. Hakuna aliyeiba saruji ya chumba kile. Nimeziona hesabu zake na kamati zote tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zilisaini kila mfuko. Fundi alichanganya zege kwa mchanga uliolowa, akaongeza maji kama alivyozoea kiangazi, na zege likawa jepesi. Jamvi lilimwagwa juu ya kifusi ambacho hakijashindiliwa kikatulia. Mbao hazikuwa na wapi pa kukaukia. Zilikuwa fedha halali, zilizotumika kihalali, kwenye mwezi mbaya.

Sasa itazameni kalenda ya ardhi yenyewe. Mvua zinapokatika, Mei, udongo wa mabondeni bado una unyevu na unafyatulika. Matofali mabichi yanaanikwa Juni na Julai, upepo wa baridi wa Sumbawanga ukiyakausha vizuri, yanapangwa kwenye tanuri na kuchomwa Agosti na Septemba. Mawe yanasombwa kipindi hichohicho, kwa sababu ndicho kipindi lori linapofika kila kata. Oktoba ukuta uwe umefika lenta na kenchi ziwe juu. Anayeanza kufyatua Oktoba atayafunika matofali yake kwa nyasi na kuomba Mungu, na mvua ya kwanza ikipiga usiku, asubuhi anakuta chungu ya udongo.

Kando yake weka kalenda ya Serikali. Mwaka wa fedha unafunguliwa Julai mosi. Julai na Agosti huisha katika kufungua vitabu, kupandisha bajeti kwenye mifumo na kusubiri mgawo wa kwanza. Fedha za miradi zikija Oktoba tunashukuru. Kinachofuata ni manunuzi, na tangu mwaka 2023 manunuzi hayo yanapita mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambako duka la Mtowisa lisilosajiliwa haliuzi hata kilo ya misumari kwa shule iliyo jirani yake. Fundi anaanza kuchimba msingi huku majirani wanapanda mahindi. Kisha Juni, mwezi bora kuliko yote wa kuchimba msingi Ufipa, ndio mwezi ambao mweka hazina anafunga hesabu na kila shilingi isiyotumika inakuwa bakaa ya kuombewa upya. Kwa hiyo katika miezi mitano ambayo ardhi inaturuhusu kujenga, halmashauri inakuwa ama inafunga mwaka ama inaufungua.

Kuna kalenda ya tatu, ya mkulima, na hii ndiyo wapangaji wetu wanaisahau kabisa wanapolaumu wananchi kwamba hawajitolei. Mfipa ana fedha na ana muda baada ya mavuno, Julai hadi Septemba, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unaponunua na malori ya wafanyabiashara yanapopanga foleni. Mwambie mwezi huo alete tripu ya mawe au siku mbili za kazi, analeta. Mwendee Novemba, ameshaweka kila kitu kwenye mbegu na mbolea, na siku moja ya kushinda kwenye msaragambo ni siku moja ya kuchelewa kupanda. Kisha mtendaji wa kata anaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa jamii ni hafifu. Tangu katazo la michango ya lazima la Januari 2018 maneno haya yamezidi. Mimi nimekaa na kamati za ujenzi ambazo ziliifikisha shule lenta kwa mavuno ya msimu mmoja, kisha zikakaa zikilitazama boma likinyeshewa kwa miaka, zikisubiri Sh milioni 12.5 za kukamilisha. Agizo la kujenga maabara la enzi ya Rais Kikwete lilituachia maboma ya jinsi hiyo kila wilaya. Watu walitoa. Walichokosa ni mwenzao wa kuendeleza pale walipoishia, katika mwezi uleule.

Ninachopendekeza madiwani wa halmashauri zetu nne, Manispaa, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi, wanaweza kukiamua bila kusubiri Dodoma. Fedha za umma zinazoingia Rukwa hasa wakati wa kiangazi ni ushuru wa mazao. Mnunuzi anaulipa mahindi, maharage na ulezi vinapotoka shambani, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Ushuru huo ni mapato ya ndani, na tayari mwongozo wa bajeti unazitaka halmashauri kupeleka sehemu ya mapato hayo kwenye maendeleo. Hivi sasa sehemu hiyo inasambazwa mpaka haionekani: milioni mbili zahanati hii, milioni tatu kivuko kile. Itengwe, kwa miaka mitano tu, iwe mfuko wa msimu wa sekondari. Kazi yake iwe moja, kununua na kukusanya vitu vya kiangazi: matofali, mawe, mchanga mkavu, kokoto, nondo na fundi wa kuinua ukuta hadi lenta na paa. Fedha za kutoka Hazina zikiingia Novemba zikute kuna paa. Chini ya paa fundi anaweza kupiga lipu, kumwaga sakafu, kufunga madirisha, kuvuta umeme na kutengeneza meza mvua ikinyesha miezi yote sita.

Najua pingamizi, na mwandishi wetu wa masuala ya fedha amelieleza vema kuliko mimi. Ushuru wa mazao si mtaji wa kuaminika. Mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 ya zamani, na mwaka huohuo, mahindi yakiwa tele, usafirishaji nje ya nchi ukazuiwa na bei ikaanguka. Halmashauri zilipata hasara pamoja na wakulima wake. Kila mpaka wa Tunduma au Kasesya unapobanwa, bajeti ya Kalambo na ya Sumbawanga Vijijini inatikisika. Ni kweli. Ndiyo maana nasema mfuko ujengwe kwa kukarabati shule zilizopo, ambako msimu mbaya unakulazimu kupunguza vyumba kutoka sita kwenda vitatu, na usiguse shule mpya, ambako msimu mbaya unakuachia msingi uliomea majani.

Hapo pia tofauti yangu na baadhi ya wachangiaji iko wazi. Mkoa huu una deni kwa shule zake za kata za kwanza. Zilizaliwa katika wimbi la mwaka 2006, Waziri Mkuu akiwa Edward Lowassa na Waziri wa TAMISEMI akiwa Mizengo Pinda, mbunge kutoka Mpanda ambayo wakati huo ilikuwa Rukwa hii hii. Nchi nzima ilitoka shule 1,745 mwaka 2005 ikafika 4,266 mwaka 2010, na wanafunzi wakatoka laki tano na kitu wakawa zaidi ya milioni 1.6. Wimbi lile lilikuwa la haki. Bila hilo mtoto wa Kipeta au wa Ninde asingeiona sekondari. Lakini majengo yake yalijengwa na wananchi kwa haraka, na leo yanakaribia miaka ishirini yakiwa hayajapata koti la pili la rangi. Mpango wa SEQUIP, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020, umetuletea shule mpya nzuri, nyingine umbali wa kutembea kutoka shule chakavu ya kata ileile yenye walimu walewale wachache. Shule mpya ina jiwe la msingi na jina la mgeni rasmi. Ukarabati hauna hata kifungu chake cha bajeti kinachoeleweka. Mkuu wa shule anatoa kitasa na kioo kwenye ruzuku ya uendeshaji, fedha inayohitajika pia kwa chaki na mitihani.

Jambo la bei moja ya darasa kwa kila mahali nitaligusa kwa ufupi, kwa sababu makala ya mhandisi wa halmashauri imelimaliza. Saruji ya Songwe inafika Sumbawanga kwa lami. Kutoka hapo kuteremka ukingo wa bonde hadi Muze na Ilemba, au kufika Wampembe na Kala mwambao wa Tanganyika, ni bei nyingine kabisa. Milioni 20 ya darasa la mjini si milioni 20 ya darasa la Wampembe, na kamati ya kule hufidia pengo kwa kupunguza nondo. Someni jedwali lake la mchanganuo. Sikubaliani naye anapohitimisha kwamba turudi kwa wakandarasi. Mafundi wetu wanajua kujenga wakipewa msimu.

Nondo hizo zinanipeleka kwenye makala ninayoomba isomwe na kila mjumbe wa kamati ya ujenzi, ile ya tetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa ilitikisika kwa ukubwa wa 7.4, moja ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika. Wakati ule hapakuwa na madarasa ya tofali za kuchoma yenye watoto hamsini ndani. Bukoba ilipotikisika tarehe 10 Septemba 2016, kwa ukubwa wa 5.9 tu, sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa na kujengwa upya. Tunaishi kwenye mkono uleule wa Bonde la Ufa, na bado tunaacha lenta ikatike juu ya milango ili kuokoa mifuko minne ya saruji. Lenta izunguke jengo zima. Kama mpango wa ukarabati utafanya jambo moja tu kwa kila darasa la zamani, liwe hilo.

Makala ya hosteli za wasichana ni fupi kuliko nilivyotaka, lakini inasema wazi kwamba chumba cha kupanga mitaani ndicho kinachotutolea wasichana shuleni. Waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu kurudi baada ya kujifungua haujawapa mahali pa kulala. Simulizi ya mwalimu mstaafu wa Sekondari ya Kantalamba imejaa mambo. Uchambuzi wa maabara uko sahihi na unakatisha tamaa.

Baadaye mwaka huu mwongozo wa bajeti utashuka, vijiji vitaitwa kuibua miradi, na Februari mabaraza yatapitisha makadirio. Nawaomba madiwani wasilipitishe jedwali lolote la ujenzi wa sekondari lisilo na safu ya mwezi: mwezi wa kufyatua, mwezi wa kupaua, na jina la mfuko utakaolipa kila kimojawapo. Afisa mipango atasema mfumo hauna safu hiyo. Aiandike kwa mkono na kuiambatisha.