Mtambaazi Kifungoni: Kumpenda Hakutoshi

Mtambaazi hukutana na mwanadamu kwa njia mbili. Mara nyingi hukutana na fimbo: kinyonga hupigwa kwa sababu ya hofu, mjusi kafiri hufukuzwa kwa ufagio kwa kudhaniwa kuwa ana sumu, na nyoka huuawa kabla ya kutambuliwa ni wa aina gani. Mara nyingine hukutana na sanduku: mwanafunzi aliyemwokota kobe njiani humtia ndani, humpa ugali na maji, akaona fahari kwamba amemwokoa. Njia hizi huonekana kuwa kinyume, moja ikitokana na chuki na nyingine na mapenzi. Kwa hakika zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni kutomfahamu mnyama mwenyewe. Tofauti iliyopo ni kwamba fimbo huua papo hapo, ilhali sanduku huua polepole.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali la kwanza la mfugaji halipaswi kuwa "anakula nini?" bali "anaishije?" Mtu asiyeweza kumpa mtambaazi joto, nuru, nafasi na miaka anayoihitaji hana haki ya kumfunga, hata akimpenda namna gani. Kwa watambaazi walio wengi jibu la haki litakuwa kwamba mahali pao si ndani ya sanduku.

Wafugwao ni wepi?

Watambaazi, au reptilia, ni kundi lenye spishi zaidi ya 12,000 duniani: mijusi, nyoka, kobe, kasa, mamba na jamaa zao. Ni chache mno kati ya hizo zinazostahimili maisha ya nyumbani. Huko Ulaya na Marekani hufugwa mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni nyika kavu za Pakistani, Afghanistani na India. Mjusi wa Australia mwenye miiba shingoni mfano wa ndevu. Nyoka wa mahindi wa Marekani. Na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye hujiviringa kama mpira akiogopa. Wengi wa wanyama hao huzaliwa kifungoni, na baadhi ya nasaba zao zimefugwa kwa vizazi vingi. Wanaowafuga hununua taa za joto, taa za mionzi na vipimajoto, nao hulipa daktari wa mifugo aliyesomea watambaazi.

Hali ya Afrika Mashariki ni nyingine. Anayefugwa hapa kwa kawaida hakuzaliwa kifungoni, bali ametolewa porini. Kobe mkubwa wa nchi kavu mwenye madoa, kinyonga wa kwenye ua na mjusi wa miambani wote huchukuliwa katika makazi yao wakiwa wazima na kutiwa katika mazingira ambayo maumbile hayakuwatayarisha kuyakabili. Kwa hiyo mifano ya nchi za nje haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo.

Joto litokalo nje

Msemo uliozoeleka darasani ni kwamba watambaazi wana "damu baridi". Msemo huu hupotosha. Mjusi aliyeota jua juu ya jiwe tangu asubuhi aweza kuwa na damu yenye joto linalokaribia la mwanadamu, na hata kulizidi. Kinachomtofautisha na ndege au mnyama anyonyeshaye si kiasi cha joto bali chanzo chake. Mnyama anyonyeshaye hulizalisha joto mwilini kwa kuunguza chakula. Mtambaazi hulichukua kutoka kwenye jua, jiwe na hewa. Mpango huu una faida kubwa, kwani humwezesha kuishi kwa sehemu ndogo tu ya chakula ambacho mnyama anyonyeshaye wa uzito ule ule angekihitaji.

Faida hiyo ina masharti yake. Vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni hufanya kazi vyema katika kiwango fulani cha joto. Mtambaazi aliyeshiba akawekwa mahali pa baridi huweza kushindwa kukisaga chakula alichokula, na kikavunda tumboni. Kinga ya mwili wake nayo hudhoofika, na kikohozi na kamasi hufuata. Mwalimu wa Lushoto au Mbeya, ambako usiku huwa na baridi kali, yampasa kulifahamu jambo hili.

Kosa lililo kinyume cha hilo hutokea pwani. Sanduku lisilo na kivuli likiachwa juani mchana, joto lake hupanda upesi. Na mwili wa mtambaazi ukipita nyuzi 40 za Sentigredi, wengi wao huwa ukingoni mwa kifo. Porini mnyama huyo angeingia chini ya kichaka. Ndani ya sanduku hana pa kukimbilia.

Kanuni inayotokana na maelezo haya ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitimiza: makao ya mtambaazi ni lazima yawe na upande wa joto na upande wa ubaridi, ili mnyama achague mwenyewe. Kwa kobe wa madoa, mahali pa kuotea jua pafae nyuzi 30 hadi 35, na pawepo kivuli cha kutosha hatua chache tu kutoka hapo.

Nuru na mifupa

Haja ya pili ni nuru, na hapa ndipo wafugaji wengi wenye nia njema hukosea. Ili mfupa na gamba viwe vigumu, mwili huhitaji madini ya kalsiamu. Na ili kalsiamu ifyonzwe kutoka tumboni, mwili huhitaji vitamini D. Kobe na mijusi waishio mchana huitengeneza vitamini hiyo katika ngozi kwa msaada wa mionzi ya jua ya urujuanimno. Kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya aina inayohitajika. Kwa sababu hiyo kobe aliyewekwa nyuma ya dirisha huona mwanga na kupata joto, lakini mifupa yake haipati kitu.

Chakula huweza kuizidisha hasara hiyo. Kobe wa madoa porini hula nyasi, majani, maua na matunda yaliyoanguka, na hutafuna hata mifupa mikavu ili apate kalsiamu. Ugali, wali na mkate vina wanga mwingi, kalsiamu kidogo na fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, hali ambayo huufanya mwili uitoe kalsiamu iliyomo mifupani. Matokeo huonekana baada ya miezi: gamba hulainika, taya hupinda, miguu hushindwa kuubeba mwili. Mwanafunzi hushangaa kwamba kobe amekufa ilhali alikuwa akila vizuri. Alikuwa akila sana. Hakuwa akila vizuri.

Kinyonga na kiu yake

Kinyonga ni mfano mwingine unaofaa kuzingatiwa. Imani ya kwamba ana sumu haina msingi wowote, na mwalimu anayemshika mbele ya darasa bila kudhurika hufundisha zaidi ya kurasa nyingi za kitabu. Lakini kumshika kwa dakika tano si sawa na kumfuga. Kinyonga hula wadudu hai, tena wa aina mbalimbali. Kwa kawaida hanywi maji yaliyotuama katika kibakuli. Hulamba matone yanayoning'inia majanini baada ya mvua au umande. Kwa hiyo aweza kukauka kwa kiu huku maji yakiwa chini ya miguu yake. Aidha huishi peke yake, na kumwona mwenziwe kila siku humtia wasiwasi. Rangi zake anazozibadili, ambazo watoto hudhani ni mchezo wa kuiga rangi ya kitu alichokalia, hutokana zaidi na hali yake: joto, hofu, hasira au kutafuta mwenza. Kinyonga aliyetiwa weusi ndani ya sanduku huenda anaeleza taabu yake kwa lugha pekee aliyo nayo.

Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na kuiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Itakuwa ajabu iwapo lugha iliyompa mnyama jina la kisayansi itabaki na wasemaji wanaomjua kwa hofu tu.

Gharama ya mapenzi ya mbali

Mapenzi yasiyo na elimu hayaishii shuleni. Katika msitu mdogo wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa. Hukaa juu ya mikadi ya msituni, akijificha baina ya majani yake. Rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Wafugaji wa nchi za nje walimtamani, na wakusanyaji wakaingia msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua mijusi isiyopungua 32,000. Mikadi ilikatwa ili mijusi ipatikane kwa urahisi, na hivyo nyumba iliharibiwa pamoja na mwenye nyumba. Biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyetolewa porini ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017.

Kobe wa mawe wa Kenya na Tanzania, ambaye ubapa wake umemfanya afananishwe na chapati, amepata mkasa kama huo. Gamba lake ni jembamba na lenye kunyumbulika, na kinga yake ni kukimbilia katika ufa wa mwamba na kujibana humo. Wakamataji waliivunja miamba ili kumtoa, na ufa uliovunjwa hautengenezwi tena. Jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mkupuo, hivyo pengo lililoachwa huchukua muda mrefu kuzibwa. Naye alihamishiwa katika daraja la ulinzi wa juu kabisa la mkataba huo mwaka 2019.

Hata kisiwa hakikutosha kuwa ngome. Mwaka 1919 kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli walipelekwa katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Walizaana hata wakafikia kiasi cha 200 mwaka 1955. Baadaye waliibwa ili wauzwe kwa wafugaji na kwa walaji, na ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Uangalizi ulioimarishwa ndio uliowaokoa.

Lipi lifanywe shuleni?

Huenda mtu akauliza: je, mwanafunzi atajifunzaje kumpenda mnyama asipomfuga? Swali hilo ni la haki, kwani elimu ya viumbe isiyogusa kiumbe ni elimu kavu. Jibu ni kwamba kumchunguza mnyama hakuhitaji kumfunga. Kila bweni lina mijusi kafiri kutani, nao hawahitaji kulishwa wala kusafishiwa. Wanafunzi waweza kuandika kila jioni saa ambayo mjusi wa kwanza hutokea, idadi yao karibu na taa, joto la hewa na aina za wadudu wanaoliwa. Baada ya muhula mmoja watakuwa na takwimu zao wenyewe za kuchorea grafu. Mwalimu wa fizikia naye ataeleza jinsi mjusi anavyoganda darini: mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walipima nguvu ya unywele mmoja wa wayo wa mjusi mkubwa wa Asia, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba nguvu hiyo hutokana na mvutano kati ya molekuli, wala si gundi.

Shule ambayo tayari ina kobe ina wajibu ulio wazi. Kwanza, sheria: Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Mnyamapori hakamatwi wala hafugwi bila kibali. Afisa wa wanyamapori ashauriwe, na kobe asiachiliwe ovyo katika pori lolote, maana huweza kupeleka maradhi kwa kobe wengine. Pili, makao: ua mpana wenye jua, kivuli, nyasi na chombo cha maji kisicho na kina. Tatu, afya: watambaazi wengi hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua, na ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi. Kila anayemshika kobe anawe mikono kwa sabuni, wala vyombo vyake visioshwe jikoni. Nne, miaka: kobe wa madoa aweza kuishi zaidi ya nusu karne. Ni lazima ijulikane nani atamtunza wakati wa likizo, na nani atamtunza wakati mwanafunzi aliyemleta atakapokuwa babu.

Mwalimu akiyauliza maswali hayo mbele ya darasa kabla mnyama hajaingia langoni, atakuwa amefundisha joto, nuru, lishe, sheria na wajibu katika kipindi kimoja. Na iwapo darasa litaamua, baada ya hesabu hiyo, kwamba kobe aliyeonekana njiani avushwe upande aliokuwa akielekea na kuachwa aende zake, somo litakuwa limefaulu.