Soya Moja, Ushuru Tofauti

Muulize mtu yeyote sokoni Mpanda soya ni nini, atakwambia ni unga wa uji wa watoto, au vile vipande vikavu vya pakiti ambavyo wengine huviita nyama ya soya. Muulize afisa forodha, atakurudishia swali: soya ipi? Swali hilo linagusa bei tunayolipa dukani, na naona shule zetu hazimwandai kijana wa Katavi kulijibu.

Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa namba kutoka kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Tarakimu sita za mwanzo zinatokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Punje za soya ziko 1201. Ukizisaga, unga wake umehamia 1208. Sosi ya soya ni 2103. Protini ya soya iliyotengenezwa ikawa na nyuzi kama nyama iko 2106. Unga uliochanganywa na kufungashwa kwa ajili ya watoto wadogo unaweza kuangukia 1901. Neno "soya" lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti halimalizi kesi. Kinachoangaliwa ni bidhaa imetengenezwa kwa nini na kwa namna gani.

Sasa hesabu. Viwango vikuu vya ushuru huo ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna cha 35. Tuchukulie mzigo wenye thamani ya shilingi 10,000,000. Kwa asilimia 10, ushuru ni 1,000,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla, yaani 1,980,000. Kwa asilimia 25, ushuru ni 2,500,000 na VAT 2,250,000. Tukiacha tozo nyingine, tofauti ni 1,770,000. Mzigo ni uleule, namba tu imebadilika. Na jamani, hela hiyo haiishii bandarini Dar es Salaam. Inasafiri na mzigo mpaka Mpanda, inamfikia mama anayetafuta protini ya bei nafuu.

Sipingi ushuru wenyewe. Bidhaa iliyokamilika kutozwa zaidi ya malighafi kunampa nafasi msindikaji wa hapa nyumbani. Ila nafasi hiyo ataitumia vipi kama hajui kwamba ipo?

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wakala wa forodha. Sawa, lakini wakala anajaza fomu kwa maelezo ya mwenye mzigo. Ukimwambia "ni soya tu", umemwachia akisie, na akikosea, deni na faini vinaweza kukurudia wewe. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu kuomba uamuzi wa awali kabla mzigo haujafika. Mfanyabiashara mdogo asiyejua hata kwamba bidhaa yake ina namba hawezi kuomba uamuzi huo. Na kitabu chenyewe kimejaa Kiingereza cha kisheria.

Kwetu Katavi jambo hili si la waagizaji peke yao. Tuna Bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ni Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya hupata msamaha wa ushuru ikiwa na cheti cha uasili, na cheti hicho nacho kinadai namba ya bidhaa. Anayetaka kusindika soya Mpanda na kuivusha ziwa anaihitaji namba hiyo kama anavyohitaji mashine.

Ndiyo maana nasema na wenzangu wa ualimu. Mtaala mpya umeleta somo la Elimu ya Biashara. Tukienda TP, tusiishie kuandika ubaoni maana ya ushuru wa forodha ili mtoto akariri. Tubebe pakiti tatu za soya zenye sura tofauti. Wanafunzi wasome viambato, wabishane kila moja iingie namba gani, na watetee hoja zao. Kipindi kimoja kinatosha kuanzia, na gharama yake haizidi nauli ya bodaboda mbili tatu.

Katika darasa hilo yumo atakayefungua duka, atakayekuwa wakala, na pengine atakayejenga kiwanda. Wote watakutana na swali la afisa forodha. Tuwafundishe kulijibu kabla halijaanza kuwagharimu.