Kabla ya kununua kamera ya mtumba

Familia moja ya Mbagala imeweka akiba ya safari ya Pemba, kwa bibi ambaye wajukuu hawajawahi kumwona. Baba anataka kamera. Simu, anasema, usiku inatoa picha za giza. Mama anauliza kama hela hiyo si ndiyo nauli ya kurudi.

Swali la mama lina uzito. Ila kamera iliyotumika, ikichaguliwa vizuri, hudumu, na hizi zisizo na kioo ndani ni nyepesi, zinaingia hata kwenye mkoba wa nepi. Sony a6000 ya mwaka 2014 bado inapiga picha safi, lakini haina tundu la maikrofoni. Mzazi anayetaka sauti ya bibi isipotelee kwenye upepo aangalie Canon EOS M50 ya 2018, yenye tundu hilo na skrini inayogeuka. Asivutwe na maneno ya muuzaji kuhusu 4K. Kwenye M50, ukiiwasha, picha inakatwa sana pembeni.

Dukani, mulika lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi kama za buibui ndani yake ni kuvu, adui wa kamera kwenye joto na unyevu wa pwani, na kitambaa hakifiki huko. Kisha piga ukuta mweupe kwenye f/16 mara mbili; madoa yanayotokea palepale yako kwenye sensa au kioo chake. Betri iliyovimba usiipokee hata bure. Inaweza kuwaka moto, na nyumbani kuna watoto.

Jumamosi baba alirudi mikono mitupu. Lenzi ilikuwa na nyuzi. Bado anatafuta. Tiketi za kurudi zimeshakatwa.