Tuulizane Haki Ni Nini

Sisi wakazi wa Nairobi tunaitaja haki kila siku. Tunaitaja nauli ya matatu ikipanda mvua ikinyesha, tunaitaja majina ya walioajiriwa serikalini yakitangazwa, tunaitaja kodi ya nyumba ikiongezwa. Kila mtu anaidai. Lakini ni wangapi kati yetu hukubali kusimamishwa na kuulizwa: haki hiyo unayoidai ni kitu gani, na mwenzako anayo pia?

Swali hilo ni la kale. Plato wa Athens alilitungia kitabu kizima zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kitabu ambacho kwa lugha yetu tunaweza kukiita Jamhuri. Mazungumzo yake yanaanzia bandarini Piraeus, nyumbani kwa Polemarchus, mwana wa mzee tajiri aitwaye Cephalus. Mzee anamwambia Socrates, mwalimu wa Plato, kwamba haki ni kusema kweli na kulipa madeni. Socrates anamuuliza: rafiki akikuwekea silaha, kisha akaja kuidai ameshikwa na wazimu, utampa? Mzee anakwenda zake kutoa sadaka, na mwanawe, Polemarchus, anashika zamu. Kwake yeye, haki ni kuwafaa marafiki na kuwadhuru maadui. Baadaye Thrasymachus anaingilia kwa ukali: haki ni yale yanayomfaa mwenye nguvu, basi.

Thrasymachus tunamfahamu, maana kila mnyonge aliyebomolewa kibanda usiku amekutana naye. Lakini anayetudhuru zaidi ni Polemarchus, kwa sababu huyo tunamkaribisha wenyewe. Ndiye anayenong'ona wakati wa uchaguzi kwamba huyu ni mtu wetu na yule si wetu. Kwamba wetu akiiba, amekula kwa niaba yetu. Tuliyaona matunda ya fikira hiyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Hapa Nairobi, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako tumezoea kwenda kutazama ng'ombe wa gredi na mbegu za mahindi, ulijaa akina mama na watoto waliofukuzwa makwao na majirani zao. Socrates alikuwa amekwisha kulijibu jambo hili. Alisema kwanza kwamba mara nyingi hatumjui rafiki wala adui wa kweli. Kisha akasema kwamba mtu akidhuriwa huzidi kuwa mbaya, na haki haiwezi kuwa kazi ya kuwafanya watu wawe wabaya zaidi. Sijaona hoja inayolishinda jibu hilo.

Socrates hakuandika kitabu. Alizunguka sokoni akiwauliza wakubwa na wadogo, akisema kwamba alichowazidi wengine ni kutambua kwamba hajui. Mwaka wa 399 KK, akiwa na miaka 70, alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana. Raia wenzake waliomhukumu walikuwa mamia, na Plato anasimulia kwamba kura 30 tu zingegeuka, angeachiliwa. Alinyweshwa sumu.

Kwa uchungu huo Plato aliukatia tamaa umma, akataka wenye hekima peke yao watawale, tena wasimiliki dhahabu wala mashamba. Hilo la mali ningependa viongozi wetu walisome pamoja na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na maadili. Lakini la kuwanyamazisha wengi silikubali. Mwanafunzi wake, Aristotle, aliona mbali zaidi aliposema kwamba karamu iliyochangiwa na wengi huweza kuipita ile iliyoandaliwa na tajiri mmoja. Sisi watu wa harambee hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Kosa la Aristotle ni kuwafungia mlango wanawake na watumwa, na kosa hilo tusilirithi.

Wala tusidhani hekima hii ni ya Wagiriki peke yao. Tangu miaka ya 1970, Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee vijijini akawahoji kwa namna ya Socrates. Hakuridhika na mzee anayekariri mila; alimtafuta mzee anayeipima mila na kutoa sababu. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko wa Waluo, alimweleza kwamba ujamaa wa zamani haukuwa kugawana mali ovyo. Mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi wasio nao wawatunze, na kila nyumba ikapata maziwa. Tazameni ufasaha wa fikira hiyo: mali ina mwenyewe, na jirani halali njaa.

Mahali pa kuulizana tunapo. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906, ilitaka kugeuzwa maegesho ya magari mwaka wa 1991, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuiokoa, miaka miwili tu baada ya Wangari Maathai kupinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Ni katika bustani hiyo Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana: kinyozi, wakili, mchuuzi na asiye na kazi, wote wakijadili bei ya unga na matumizi ya kodi. Baadhi yao wamewahi kukamatwa kwa ajili ya mijadala hiyo, na bado wakarudi kwenye mabenchi yao.

Basi, msomaji wangu, usipite barabara ya Moktar Daddah, kando ya bustani hiyo, kila siku ukiwatazama wajadili hao kama watu wa kupoteza wakati. Ingia uketi. Kiongozi akikuambia jambo ni la haki, mwulize kwa nini, na ungoje jibu. Mtu wa kabila lako akisema la dhuluma, mwulize yeye kwanza, mbele ya wengine. Nawe ukiulizwa, usikasirike. Toa sababu zako, na usipokuwa nazo, badili msimamo.