Rufaa ya Muhimbili: mgonjwa wa Tumbi alale wapi Dar es Salaam?

Ukipewa rufaa kutoka Hospitali ya Tumbi, swali la kwanza nyumbani huwa ni nauli. La pili ni pa kulala, hasa kama kliniki ni asubuhi na mapema. Wengi hutafuta gesti jirani na stendi. Je, ni uamuzi mzuri?

Kwanza soma karatasi ya rufaa. Muhimbili ziko mbili: Upanga, katikati ya jiji, na Mloganzila, upande wa Kibamba. Ukitoka Kibaha, Mloganzila unaifikia kabla ya Mbezi. Kama rufaa ni ya huko, huna sababu ya kulipia chumba mjini. Unaweza kulala nyumbani ukaamka alfajiri.

Kama ni Upanga, mambo ni tofauti. Zamani mabasi ya mikoani yaliishia Ubungo, na gesti za Ubungo, Shekilango na Manzese zilikuwa karibu na kila kitu. Tangu 2021 stendi kuu ni ya Magufuli, Mbezi Luis. Gesti ya hapo inamfaa anayesafiri usiku au alfajiri kwenda mkoani. Kwa mgonjwa wa Upanga, bado safari ndefu inamsubiri asubuhi, saa ambayo jiji zima liko barabarani.

Kinachosaidia ni mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Mabasi haya yana njia yake, hivyo anayelala karibu na kituo cha Manzese au Magomeni anaepuka sehemu kubwa ya foleni. Tatizo ni kugombania nafasi: basi linalotoka Kimara asubuhi mara nyingi hufika vituo hivyo limejaa. Mgonjwa asiyeweza kusimama alifikirie hilo.

La pili ni Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa hapo na mwendokasi husimama. Magomeni na Manzese ziko upande wa huku. Hospitali iko ng'ambo. Utalazimika kuzunguka kwa njia nyingine. Kwa hiyo kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, chumba cha Kariakoo au Ilala kinaweza kugharimu zaidi lakini kikakuokoa kukosa daktari. Ukiwa Kariakoo, kituo cha Fire kiko karibu, na bodaboda au bajaji hadi Muhimbili ni mwendo mfupi.

Kabla ya kulipa, uliza: kutoka mlangoni hadi kituoni ni dakika ngapi kwa miguu? Njia ina taa usiku? Maji yapo? Mwisho wa kutoka chumbani ni saa ngapi, maana kliniki inaweza kukuweka hadi mchana?

Chumba cha bei nafuu kinachokukosesha kliniki kimekuwa ghali: utapangiwa tarehe nyingine, na nauli italipwa upya.