Uliza Tabia ya Ua Kabla ya Kulipanda



Wako watu wasemao kwamba maua si kazi ya mkulima. Husema kwamba mwenye ekari chache hana nafasi ya kupanda kitu kisicholiwa wala kuuzwa. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyepewa shamba katika skimu, akafyeka, akajenga nyumba na kulipa deni la ardhi, ana haki ya kuwa na kitu kizuri mlangoni pake. Nyumba yenye maua yaonyesha kwamba wenyewe wamekusudia kukaa. Tena nyuki hupata chakula, na nyuki hao hao huzaisha maboga na alizeti zetu.

Lakini nina neno moja la kuwaambia, nalo ni hili: ua lisipandwe kwa uzuri wake tu. Ukinunua mtamba, wauliza habari za mama yake. Ukinunua mbegu ya mahindi, wauliza itakomaa kwa miezi mingapi. Ua je? Tawi huombwa kwa jirani au huvunjwa njiani, likachomekwa udongoni bila swali hata moja.

Huu ndio wakati wa kulisema jambo hili. Katika nchi za Ulaya bustani huchanua katikati ya mwaka kwa sababu siku za mwezi wa Juni ni ndefu kuliko zote. Sisi wa Kombewa hatuna majira hayo. Ikweta hupita hapo Maseno, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Maua yetu hufuata mvua. Mvua ndefu zianzazo mwezi wa Machi zikiisha kazi yake, ndipo zinia, kana na bogenvilia zinapojaa rangi mbele ya nyumba, na watu huanza kuombana vipandikizi.

Tazameni lantana. Wajaluo huiita nyabend winy, na winy maana yake ni ndege, kwa kuwa ndege hula matunda yake meusi na kuzipeleka mbegu kila mahali. Asili yake ni Amerika, nayo ilitoka kwao ikiwa ua la bustani. Maua yake ni mazuri, ya manjano, mekundu na ya waridi, na watu wengi waliipanda iwe ua wa boma. Lakini ua huo usipokatwa huwa kichaka chenye kivuli na unyevu, na mbung'o hupenda mahali kama hapo. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, jirani zetu hapa. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba mbung'o hawakukaa ziwani tu, bali walikuwa katika vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma ya watu. Tena walipata ushahidi kwamba ng'ombe wa nyumbani waweza kubeba vijidudu vya ugonjwa huo. Basi hatari ilikuwa ukutani pa nyumba, pamoja na maua.

Twashukuru kwamba mwaka 2025 Shirika la Afya la Dunia lilithibitisha kuwa malale si tatizo tena kwa afya ya watu wa Kenya. Hata hivyo mbung'o hawajaisha, na ng'ombe bado wanaugua nagana. Na ng'ombe akila majani ya lantana wakati wa ukame, ini lake huharibika na ngozi yake huchubuka juani. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pengine utasema, "Ua langu moja litamdhuru nani?" Basi nenda ufukoni ukatazame gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilienezwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau, wakalitia katika madimbwi ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na katika miaka ya 1990 likafunika sehemu kubwa ya ghuba yetu ya Winam. Mitumbwi ilikwama, na bandari ya Kisumu ikazibwa. Mwaka 1997 fukusi walianza kuachiliwa upande wa Kenya ili walile. Lilipungua sana, lakini halikwisha, maana mbegu zake hukaa katika tope miaka mingi. Hata leo hurudi, na mvuvi ndiye alipaye gharama ya bustani asiyoijua.

Mwingine ni thevetia, mti wenye majani membamba, utomvu mweupe na maua ya manjano kama kengele. Hupandwa penye malango na kando ya viwanja vya shule. Kila sehemu yake ina sumu, hasa mbegu, na sumu hiyo hushika moyo. Watoto wadogo hucheza na matunda yake. Mwenye watoto wadogo anaupandia nini mti huo mlangoni?

Sisemi haya ili mng'oe kila ua. Lipo ua la manjano ambalo wengi mnalidharau, la kando ya njia na mipaka, liitwalo maua makech, yaani maua machungu. Wataalamu huliita tithonia, nalo lilitoka Meksiko na nchi jirani zake. Watafiti waliofanya kazi Maseno na kwingineko Magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 walilipima. Katika kilo 100 za majani yake makavu waliona kilo 3 na nusu hivi za naitrojeni, kilo 4 hivi za potasiamu, na theluthi moja ya kilo ya fosforasi. Hiyo ni mbolea iliyosimama mpakani bila bei.

Lakini nayo ina masharti. Majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kubeba ya kutosha shamba zima la mahindi ni kazi ya kuvunja mgongo, na mara nyingi mgongo huo ni wa mama. Yafaa zaidi katika sukuma wiki na nyanya, ambazo hulipa jasho. Kata majani na vijiti laini kabla ya mbegu kukomaa, katakata, fukia, ngoja wiki moja hivi, kisha panda. Ukiliacha lizae mbegu, litaingia shambani.

Basi kabla ya kupanda ua lo lote, uliza maswali matatu. Mbegu yake huenda wapi? Ni nani awezaye kulila, mtoto au ng'ombe? Na nani atalikata, mwezi gani? Swali la tatu ndilo wanaume hulikimbia. Bustani huachiwa mama na watoto, nao ua wa boma huachiwa Mungu.

Jumamosi hii zungukeni boma, baba, mama na watoto. Lantana ing'oeni pamoja na mizizi kabla matunda hayajaiva, kwa maana ikikatwa tu huchipuka tena. Ua uliobaki ukateni usizidi kimo cha kiuno, mwanga upite. Mahali palipobaki wazi pandeni zinia na alizeti: nyuki watakuja, kuku watakula mbegu, na mgeni atajua kwamba nyumba hii ina wenyewe.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Kombewa